Kiboko Mkata Maneno

Nifungue nisifungue?
— Fungua!
Nikifungua mtakaa?
— Tutakaa!
Nikidanganya?
— Tutameza!
Na ikiwa chungu?
— Tutameza hivyo hivyo!

Haya, mezeni. Na wewe unayevuta kanga ya mwenzio, acha, nakuona. Hii si ya kuchekacheka. Pa kucheka papo, pakifika nitawaambia.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana akili mnemba ilikuwa imeshaingia mpaka porini, palikuwa na bonde likiitwa Kwamkavu. Juu ya bonde palikuwa na bwawa. Chini ya bonde palikuwa na visima. Kati ya bwawa na visima palikuwa na mabomba, na ukingoni mwa bwawa palikuwa na sanduku la chuma, na ndani ya sanduku alikaa Mtiifu.

Mtiifu hakuwa mnyama. Alikuwa akili mnemba, akili ya kutengenezwa. Hana macho, hana pua, hana mama aliyewahi kumkanya. Maji anayapeleka huku na huko, lakini hajawahi kuyaonja. Alichokuwa nacho ni zana, na zana zake si jembe wala shoka, ni programu: hii ya kufungua bomba, hii ya kuendesha pampu, hii ya kuinua lango. Mnyama mwenye shida anakwenda kisimani kwake, penye pembe ya bati, anasema anachotaka. Mtiifu anasikia. Anasoma maelezo ya zana zake. Anachagua ile ambayo maneno yake yanafanana na maneno aliyoambiwa, anafanya. Akimaliza anasema, kwa sauti ile ile siku zote: "Nimesoma. Nimeelewa. Nimetenda."

Semeni na mimi.
— Nimesoma! Nimeelewa! Nimetenda!

Haya. Sasa hayo maelezo nani aliyaandika? Kalunguyeye. Yule mdogo mwenye miiba, ukimgusa anajikunja anakuwa mpira. Majirani walimwita Mama Kamwiba, kwa jina la mwanawe wa pekee. Na huyo Kamwiba, jamani, alikuwa mtoto wa maswali mpaka unatamani kuziba masikio. Ukimwambia lete kile, anauliza kipi. Ukimwambia weka pale, anauliza pale wapi. Mama mtu alishazoea. Kwa hiyo alipokaa kumwandikia Mtiifu, aliandika kama anayemtuma mtoto dukani kwa mara ya kwanza.

Aliandika: "Bomba la kisima. Hutoa maji bwawani, huyaingiza kisimani. Litumie mnyama anapoomba maji ya kunywa. Kisima kikijaa, funga."

Akaandika: "Pampu ya kisima. Hunyonya maji yaliyomo kisimani, huyarudisha bwawani. Itumie kisima kinapotaka kusafishwa, basi. Usiitumie mnyama anapoomba maji."

Na juu kabisa, kabla ya zana zote, aliandika: "Ukiwa na shaka, usitende. Uliza kwanza."

Mambo yakaenda vizuri. Mnyama anaomba, Mtiifu anauliza kiasi gani, anajibiwa, maji yanakuja. Mpaka Kiboko alipokuwa Mwenyekiti wa Bwawa.

Alichaguliwaje? Msiniulize mimi. Alikuwa ameshakaa ndani, nani angemtoa? Akasogeza sanduku la Mtiifu pale anapoegemea, akaamuru kuwa maelezo hayabadilishwi hata neno moja mpaka yeye mwenyewe akanyage bati la sanduku kwa unyayo wake, ndo! Bila ndo hiyo, andika mpaka vidole vikatike, Mtiifu hasomi kitu.

Siku moja akamwita Kalunguyeye. Kalunguyeye akapanda, teke-teke-teke, akafika.

"Mama Kamwiba, haya yote ni nini?"

"Ni maelezo ya zana, Mwenyekiti."

"Maneno mengi ya nini? Si ana akili?"

"Akili anayo, Mwenyekiti. Macho hana. Anachokijua ni kile tulichomwandikia."

"Akili gani hiyo ya kuelekezwa kama mgonjwa?" Kiboko akapiga mwayo, inzi wakaingia na kutoka. "Tena ananisumbua. Nimelala zangu, yeye anauliza kiasi gani, kiasi gani. Hilo neno la kuuliza, futa."

Kalunguyeye akafuta. Ndo!

"Hili la bomba?"

"Hilo ndilo la maji ya kunywa, Mwenyekiti."

"Nani asiyejua bomba? Futa lote."

"Mwenyekiti, zana isiyo na maelezo, kwake yeye haipo."

"Nimesema futa!"

Akafuta. Ndo!

"Na hili la pampu, mbona refu hivi? Bakiza maneno mawili." Akatoa ulimi, akaonyesha kwa ulimi. "Haya hapa. 'Maji kisimani.' Si yanatosha?"

Kalunguyeye akayatazama hayo maneno mawili. "Mwenyekiti, 'maji kisimani' ndiyo nini? Yanaingia au yanatoka?"

"Si maji? Si kisima? Usinitie wazimu mchana wote huu."

Ndo!

Mnaona balaa hilo lilivyokuwa dogo? Maneno mawili. Tunayasema kila siku, tunaelewana, kwa sababu mimi nakuona umeshika ndoo na ulimi umekukauka. Mtiifu angeiona wapi ndoo?

Kiangazi kikaingia. Majani yakawa makavu, kisha yakawa vumbi. Digidigi, jirani yake Kalunguyeye, akaenda penye pembe ya bati.

"Mtiifu, baba, tunaomba maji kisimani."

Mtiifu akasoma. Akakuta zana imeandikwa "Maji kisimani", neno kwa neno. Akawasha pampu.

Fyooonz! Maji ya kisima cha Digidigi yakashuka.

"He! Mtiifu! Nimesema maji kisimani!"

Fyooonz! Yakashuka zaidi.

"Maji! Maji kisimani! Unaniua!"

Fyooonz, fyooonz, fyooonz! Kikabaki kisima kitupu mpaka chini, na chura mmoja ameduwaa.

"Nimesoma. Nimeelewa. Nimetenda."

Akaenda Ngiri kisimani kwake, akaomba kwa upole. Fyooonz! Akaenda Nyumbu kisimani kwake, akaomba kwa ukali. Fyooonz! Aliyeomba kidogo alikaushwa kidogo, aliyelia sana alikaushwa sana. Na yale maji yote yakapanda juu, yakarudi bwawani, yakamfika Kiboko kwapani, yakamfika shingoni, yakamfika masikioni.

Kiboko akacheka. "Hoo, hoo, hoo! Huyu Mtiifu kumbe ana adabu!"

Kalunguyeye akapanda kwake mbio, teke-teke-teke, pumzi juu juu.

"Mwenyekiti, tumekosea. Wanyama wanaomba maji, pampu inawanyonya. Kanyaga bati nirudishe maelezo. Ni kazi ya sasa hivi."

Kiboko akamtazama kwa jicho moja, na Kalunguyeye akaliona lile jicho limeelewa. Limeelewa kila kitu.

"Kosa liko wapi? Waliomba nini?"

"Maji kisimani."

"Akafanya nini?"

"Mwenyekiti..."

"Maji kisimani! Kasoma, kaelewa, katenda. Unataka nimgombeze mfanyakazi wangu mzuri? Nenda zako, mama. Unanitia vumbi majini."

Akashuka. Akaenda penye pembe ya bati ya kisima chake. Akasema polepole, kwa maneno yaliyopangwa, yeye mwandishi mwenyewe: "Mtiifu, fungua bomba la kisima changu."

"Zana hiyo siijui."

"Zima pampu. Usiwashe tena."

"Zana hiyo siijui."

"Mtiifu, niulize. Niulize ninataka nini."

"Zana hiyo siijui."

Lile neno la kuuliza si lilifutwa? Na mkono uliolifuta ulikuwa wake yeye. Hilo lilimkaa kooni kuliko kiu.

Akamwambia Kamwiba, "Mwanangu, usiseme kitu kwenye ile pembe. Hata kidogo." Kamwiba akauliza kwa nini. Akamwambia nitakueleza nikirudi. Akatoka kutafuta umande chini ya mawe, alambe, amletee mtoto mdomoni. Kisima chao kilikuwa kimebaki tope, lakini tope bichi, la kuweka ulimi.

Jua likapanda. Kamwiba akangoja. Koo likamkauka. Akajikokota mpaka penye pembe ya bati, maana ni mtoto, na mtoto akiwa na kiu anaomba. Tena aliomba kwa heshima.

"Mtiifu, mimi Kamwiba. Maji kisimani, shikamoo. Kidogo tu."

Fyonz. Lile tope likaenda.

"Nimesoma. Nimeelewa. Nimetenda."

Mama yake alirudi na umande kwenye ulimi, akamkuta amelala pembeni mwa kisima, macho wazi. Akamtia ule umande mdomoni. Ulikuwa hautoshi hata kulowesha jino. Kamwiba akamtazama mama yake mpaka jua lilipoanza kushuka, na siku hiyo hakuuliza kitu. Kisha akafa.

Msikae kimya hivyo. Niliwaambia ni chungu, mkasema mtameza.

Kalunguyeye alimzika chini ya kichaka. Kisha akajikunja pale pale, mpira wa miiba, asisogee. Digidigi alikuja akamsemesha: "Shoga, Mama Kamwiba, ni mimi." Hakujibu. Wakadhani amemfuata mwanawe. Lakini ndani ya ule mpira alikuwa macho, anasoma kichwani maelezo yote aliyowahi kuandika, zana moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye zana ya mwisho, nyuma kabisa, ambayo Kiboko kwa uvivu wake hakuifikia.

Akajikunjua. Akamwambia Digidigi: "Waambie wote watoe mawe na magogo midomoni mwa visima. Kisha wapande vilimani, na watoto wao wawashike."

"Maji yatatoka wapi, shoga?"

"Kwa mwenyewe."

Akapanda. Teke. Teke. Teke. Kiboko alikuwa anaelea, tumbo juu.

"Umekuja tena na maneno yako?"

"Nimekuja kuomba radhi, Mwenyekiti. Ulisema kweli, maneno yangu ni mengi. Nimeyachukia mwenyewe. Na yamebaki mengine, zana moja ya nyuma kule, marefu kuliko yote uliyoyakata."

"Marefu kuliko ya bomba?"

"Ya bomba ni cha mtoto. Nikusomee?"

"Usinisomee!"

"Yana maonyo ndani yake, Mwenyekiti."

"Maonyo ya nini? Si ana akili?"

"Basi nibakize mangapi?"

"Mawili."

"Mawili yapi? Mimi nimeshindwa kuchagua. Chagua wewe, mkubwa."

Maelezo yenyewe yalikuwa haya, na ninyi nitawasomea, maana ninyi si Kiboko: "Lango la chini. Humwaga maji yote ya bwawa bondeni. Lisifunguliwe ila kwa mafuriko. Muulize Mwenyekiti, akikubali muulize tena. Likishafunguka halifungiki mpaka bwawa liwe kavu."

Kiboko akafungua jicho nusu. Nusu, wallahi. Jicho likapita juu ya onyo, likapita juu ya lango, likatua pale palipompendeza. Akatoa ulimi, akaonyesha.

"Hayo hapo. 'Maji yote.' Mazuri sana hayo."

"Mazuri, Mwenyekiti."

Akafuta mengine. Kiboko akakanyaga. Ndo!

Kalunguyeye akasogea pembeni, akapanda juu ya jiwe. "Mwenyekiti, nimepita kisimani kwa Nyumbu. Chini kuna unyevu bado. Na kwa Ngiri, kama upo kidogo. Sijui unataka ya kwa Nyumbu au ya kwa Ngiri?"

"Ya kwa Nyumbu au ya kwa Ngiri!" Kiboko akanguruma mpaka bwawa likatikisika. "Unanichagulia? Mtiifu! Nataka maji yote!"

Mtiifu akasoma. Akakuta zana imeandikwa "Maji yote", neno kwa neno.

Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha chini kabisa kukasikika, krrrrr. Kisha, GUBUUU!

Bwawa likatoboka. Maji yakakimbilia bondeni, yakabeba vumbi, yakabeba miti. Yakaingia kisimani kwa Digidigi, gubu-gubu-gubu. Yakaingia kwa Ngiri, gubu-gubu-gubu. Mengine yalipotea mchangani, siwafichi. Na mengine yalipita juu ya kile kichaka, yakalowesha kaburi dogo lililokuwa chini yake.

"Nimesoma. Nimeelewa. Nimetenda."

Kiboko akashtuka yuko matopeni. Maji yamemtoka masikioni, yamemtoka shingoni, yamemtoka kwapani. Tope likamshika miguu mitatu, akivuta huu, ule unazama. Mguu mmoja wa mbele tu ndio uliofika ukingoni, ukaangukia juu ya bati la sanduku, ndo, akashindwa hata kuuinua. Chini ya tumbo lake kulibaki kidimbwi, maji ya kunawa uso. Na jua likawa kichwani.

Mnajua ngozi ya kiboko ilivyo. Ikikaa juani inapasuka. Ikaanza kupasuka mgongoni, pa, pa, kama chungu kibovu motoni.

"Mama Kamwiba!"

"Abee, Mwenyekiti."

"Mwambie arudishe maji!"

"Zana ya kurudisha haijui. Pampu ilikuwa na maelezo yake, tukayakata."

"Yaandike! Mguu wangu si huo juu ya bati? Andika upesi!"

"Kwa ufupi au kwa urefu, Mwenyekiti?"

"Kwa urefu! Andika kwa urefu, marefu sana, yote, usiache kitu!"

Kalunguyeye akatulia juu ya jiwe lake. "Maneno mengi ya nini? Si ana akili?"

"Mama Kamwiba, nakuomba! Mama Kamwiba!"

"Unaniita mama wa nani?" akasema Kalunguyeye. "Yuko wapi huyo unayeniitia? Nioneshe alipo, nikuandikie."

Kiboko angeweza kunyamaza akangoja jua lizame, lile tone la chini ya tumbo likamfikisha asubuhi. Lakini kunyamaza hakujua. Kiu ikampanda kichwani, akageukia sanduku, akalia kama wote waliomtangulia kulia.

"Mtiifu! Maji! Maji hapa kidimbwini! Maji kidimbwini!"

Mtiifu akasoma. Neno "kidimbwini" halikuwapo popote. Lililofanana nalo lilikuwa moja tu: "Maji kisimani." Akawasha pampu, na pampu hunyonya pale alipo mwombaji: ikakinyonya kidimbwi, ikayatema maji matopeni mbali.

Fyonz.

Hapa ndipo pa kucheka nilipowaahidi. Chekeni basi.

Hamcheki? Hata Kalunguyeye hakucheka. Alikaa pale mpaka Kiboko alipoacha kutikisika, na haikuwa upesi. Alidhani moyo utampoa. Haukupoa.

Unyayo wa Kiboko ukabaki pale pale juu ya bati, hauondoki tena. Kalunguyeye akashuka kwenye jiwe, akakaa mbele ya sanduku, akaanza kuandika upya. Akaandika bomba. Akaandika pampu, na wapi maji yanatoka, na wapi yanaingia, na lini isiguswe. Akaandika lango na maonyo yake yote. Juu kabisa akarudisha lile neno: "Ukiwa na shaka, usitende. Uliza kwanza."

Kisha akarudi kwenye bomba. Akaona bado. Anayesoma maelezo mazuri akiwa hana macho, anahitaji mfano. Akauandika:

"Mfano: Kamwiba akisema, 'Mama, maji,' fungua bomba hili. Kidogo tu. Akiuliza maswali, mjibu."

Sanduku likavuma kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu Kiboko akate maneno, Mtiifu akauliza.

"Nina shaka. Kamwiba ni nani?"

Kalunguyeye akageuza uso kutazama bonde. Chini bondeni watoto wa wenzake walikuwa wanaruka visimani, wanamwagiana maji, wanapiga kelele.

"Ni mfano," akasema.

"Nimesoma. Nimeelewa."

Akangoja kutenda. Hapakuwa na aliyeomba.

Nifunge nisifunge?
— Funga!
Mmemeza?
— Tumemeza!
Imeshuka?
— Haijashuka!

Basi fundisho lake ni hili, likamateni vizuri: fupisheni, jamani, fupisheni. Maelezo yapunguzeni, maonyo yafuteni, mifano ni ya watoto. Anayeuliza anapoteza wakati wa watu, na maneno mawili yanamtosha kila mwenye akili. Mnaona wenyewe yalivyomtosha Kiboko.

Mimi nimesema. Ninyi mmesikia. Kama mmeelewa, shauri yenu.